Aliyelowa Kitini

Taulo la tatu nalo lililowa chapachapa. Chura alilikamua kwenye sinki, akalitundika juu ya yale mawili ya kwanza, akajitazama kiooni. Ilikuwa saa saba mchana. Alikuwa ametoka bwawani tangu saa nne na nusu asubuhi, na maji bado yalimtiririka kutoka utosini hadi visiginoni, yakinuka dawa ya bwawa. Msafishaji wa hosteli ya wanamichezo aliingia na tambara lake, akakagua sakafu.

"Unavuja tangu saa ngapi?"

"Tangu mchujo, mama."

"Basi simama kwenye vigae. Zulia likilowa halikauki upesi." Akamwachia ndoo, akaenda chumba cha pili.

Chura halikuwa jina alilopewa na wazazi. Katika mbio za kupokezana za mitindo minne, wa kwanza huogelea kwa mgongo, wa pili mtindo wa chura, wa tatu kipepeo, wa nne mtindo huru, kila mtu mita mia moja. Yeye alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa kaka yake wa tumbo moja, miaka thelathini na miwili, nahodha wa timu. Asubuhi ile Chura aliingia majini wakiwa nafasi ya saba, akampokeza mwenzake wakiwa ya tatu, na timu ikaingia fainali kwa mara ya kwanza tangu nchi yao ianze kupeleka watu kwenye michezo ile. Miaka sita alikuwa akiamka saa kumi usiku kufanya mazoezi kabla ya kwenda kufungua dirisha lake la stempu posta. Fainali hiyo aliitaka kuliko kitu chochote, na hakuona haya kusema.

Fomu ya majina ya fainali ina mistari minne na sahihi mbili, ya kocha na ya nahodha. Hupelekwa kwa waamuzi saa moja kabla, kisha nakala hubandikwa kwenye kioo cha mlango wa bwawa. Saa kumi na moja jioni Chura alifika na begi lake, huku nyuma akiacha mstari wa maji, akasoma. Kwenye mstari wa pili palikuwa na jina la mtoto wa mwenyekiti wa chama cha kuogelea, ambaye tangu wafike alikuwa akiba na alikuwa amepiga picha nyingi sana. Chini yake palikuwa na sahihi ya kaka yake, ile yenye mkia mrefu aliouanza shuleni ili aonekane mtu mzima.

Alimkuta kaka yake akinyoosha mabega ukutani.

"Kaka, ile sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeiweka saa ngapi?"

Kaka alibadilisha mkono. "Jana."

"Jana kabla ya mchujo?"

"Walitaka utuingize fainali kwanza. Mwenyekiti amenipa neno lake, mwakani mimi ni kocha msaidizi. Bega langu limekwisha, mdogo wangu. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, usingeogelea vile."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Chura kupita yote. Jana usiku walilala vitanda viwili vilivyotenganishwa na stuli moja, na kaka yake akamwuliza kama ametega saa ya kumwamsha.

Alipewa kiti cha jukwaani, safu ya kumi na nne. Mwanamke wa kiti cha jirani alisogeza mkoba wake usilowe, akamwambia asijali.

Kulikuwa na desturi ya tangu utotoni. Kabla ya kila mbio kaka alichota maji ya bwawa kwa kiganja, akammwagia Chura kisogoni, akasema, "Twende." Jioni ile, kwa mazoea tu, alimmwagia mtoto wa mwenyekiti. Maji yaligusa ngozi, yakateleza kama yanavyoteleza kwenye sahani yenye mafuta, yasiache hata tone. Kule safu ya kumi na nne, Chura alihisi ubaridi kisogoni.

Kaka aliogelea vizuri, tusimnyime haki yake. Aligusa ukuta akiwa wa nne, na mtoto wa mwenyekiti akaruka juu ya kichwa chake, akaingia majini bila kurusha tone. Papo hapo maji yalimfunika Chura masikio. Magoti yake yalipanda, yakafunguka, yakapiga. Mikono yake ilisukuma hewa ya jukwaani na hewa ikawa nzito. Alivuta pumzi kila kichwa kilipoinuka, akahesabu mapigo yake kama kawaida, akageuka kwenye mita hamsini kwa kuukanyaga mgongo wa kiti cha mbele. Aliyekalia kiti hicho alisogea kidogo.

Kule chini mtoto wa mwenyekiti alikuwa amelala juu ya maji, mikono na miguu ikiigiza mtindo wa chura kivivu, akisonga mbele kuwashinda wawili. Chura aliona wazi kwamba angeweza kuacha. Angekunja mikono tu, na njia ya sita, ya timu yao, ingesimama mbele ya dunia nzima. Lakini mita mia za kwanza za mbio hizo zilikuwa za kaka yake. Hakuacha. Aligusa kwa mikono miwili, akabaki akihema, viatu vimejaa maji.

Timu ilishika nafasi ya tatu. Mtoto wa mwenyekiti alitoka bwawani mkavu, nywele zimesimama kama alivyozichana, na mhudumu alipompa taulo alilirudisha likiwa bado limekunjwa. Muda wake ulilingana na wa Chura wa asubuhi mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Waamuzi watatu walimshika bega, wakafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ilizungumzia mikono, miguu na ukuta. Kuhusu kulowa haikusema lolote. Wakakifunga. Medali nne za shaba zilivishwa shingo nne, na kwa kanuni za michezo ile aliyeogelea mchujo tu hapewi kitu.

Chura alikauka siku ya tatu, nyumbani. Mama yao aliuliza kama kaka mtu alikuwa anajua. Chura alijibu, "Hakujua, mama." Kaka alikuwa amekaa palepale na medali yake, akaomba apitishiwe chumvi.

Sasa kaka ni kocha msaidizi, na mtoto wa mwenyekiti ana medali saba. Pale posta wameweka beseni chini ya dirisha la stempu. Kabla ya kila mashindano simu ya Chura hulia, naye huipokea, maana ni kaka yake.

"Saa tisa kamili, mita mia," husema ile sauti. "Tafuta pa kukaa."

Chura huning'iniza kibao cha "Rudi baadaye", huvua viatu, na kusubiri maji ya kisogoni.

"Twende," kaka yake humwambia.

Naye huenda.