Chiriku wa Ukuta Mpya

Fundi aliposhuka ngazi, mama mkwe wake aliupapasa ukuta wa mawe kwa kiganja, akaguna kwa kuridhika. Nyumba yake ya wageni ilikuwa juu kabisa mlimani, huko ambako hata miti imekata tamaa na theluji imejimilikisha vivuli vyote. Upepo ulikuwa ukipenya kwenye nyufa na kuwasumbua wageni vitandani. Sasa nyufa zote zilikuwa zimezibwa kwa saruji.

"Mkwe, leo nasema mbele ya watu," alisema. "Nilidhani binti yangu kaokota mzigo. Kumbe fundi!"

Wageni wakacheka. Fundi naye akacheka, kichwa kikamvimba. Neno hilo alikuwa amelingoja tangu harusi.

Ndipo chiriku akaja, ndege wa kahawia mwenye rangi ya waridi kidogo mbavuni, mdomo umejaa mbegu. Akaing'ang'ania saruji mbichi kwa kucha, akadonoa, akaruka, akarudi palepale.

"Ona, hata ndege kaja kukushukuru!" mama mkwe alisema. "Kakupenda huyo."

Uso ulimwaka fundi kwa aibu. Asubuhi, kwenye ufa uleule, aliona manyasi yanachungulia, na alijua chiriku wa huku hutaga ndani ya mawe. Lakini saruji ilikuwa imeshachanganywa, na mama mkwe alikuwa amesimama chini akimwangalia. Basi akayasukuma manyasi ndani kwa mpini wa mwiko, akaziba. Alijidanganya kwamba kiota ni cha mwaka jana.

Chiriku akarudi tena na mbegu zake. Wageni wakampiga picha.

Angenyamaza, nani angejua? Akapanda ngazi na nyundo na tindo.

"We! Unabomoa nini tena?"

"Kuna makinda humu, mama. Kiota nilikiona. Nikaziba hivyohivyo."

Hakuna aliyecheka. Alibomoa, vipande vikaanguka miguuni pa mama mkwe. Ndani, makinda walikuwa wamelaliana chini ya vumbi la saruji. Wa juu hawakuwa wakipumua. Aliwatoa kwa kidole, akatamani ardhi immeze. Chini kabisa mmoja akainua shingo, akakipanulia mdomo kidole chake, akiomba chakula.

"Shuka," mama mkwe alisema taratibu, bila kumwita mkwe. "Shuka, umpishe mama yake."