Mfalme wa Isinya na Ng'ombe wa Simu

Kalunde Munguti, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja Kitengela, alitengeneza mchezo wa simu peke yake kwa mwaka mzima. Mchezaji alipaswa kumwamsha ng'ombe aliyelala kwenye barabara ya Namanga na kumvusha bila kugongwa na lori. Aliutoa bure. Wiki ya kwanza watu elfu mbili waliupakua, naye akalia kwa furaha jikoni.

Wiki ya pili malalamiko yakaanza kwenye ukurasa wa mchezo. Mmoja alitaka arudishiwe bundles za intaneti alizotumia kuupakua. Mwingine alitangaza ameacha kucheza kabisa, kisha akarudi kutangaza hivyo hivyo siku nne mfululizo. Lakini aliyemnyima Kalunde raha alijiita Mfalme wa Isinya. Huyo aliandika asubuhi, mchana na jioni, hadi chakula cha Kalunde kikawa kinapoa mezani akimsoma: "Ng'ombe haamki hivyo! Unatudharau!"

Jumamosi moja Kalunde alienda kununua koki ya sinki kwenye duka la hardware la Virginia, mama wa makamo aliyekuwa mzee wa kanisa lao. Watu walimwita Mama Cate. Alimkuta ameinamia simu, akibonyeza kwa kidole kimoja kama anayeponda kitunguu saumu.

"Mama Cate, nisaidie na koki."

"Ngoja kidogo. Kuna mtu namwambia ukweli."

Akabonyeza. Simu ya Kalunde ikalia mfukoni. Mfalme wa Isinya alikuwa ameuliza: "Najibiwa lini?"

Kalunde akamwonyesha ile simu. "Unajibiwa sasa."

Alitarajia mama yule aone haya. Wapi!

"Kumbe ni wewe? Afadhali. Mimi nimelelewa Ewuaso Kedong na ng'ombe. Ng'ombe anainua matako kwanza, halafu miguu ya mbele. Wako anaamka kama farasi. Nacheza kila siku, na kila siku naumia."

"Lakini ni wa bure, Mama Cate."

"Kwani bure ndio iwe uongo?"

Kalunde alikasirika, hasa kwa sababu hakuwa na hakika. Yeye alikulia ghorofa ya tatu. "Basi twende unionyeshe."

Walienda kwa Parmuat, mfugaji aliyebakiwa na eneo dogo nyuma ya nyumba mpya. Ng'ombe wake mmoja mweupe alikuwa amelala. Kalunde akashika simu tayari kurekodi. Ng'ombe akacheua. Saa nzima ikapita. Mama Cate akapiga makofi, akaimba pambio, akamkemea.

"Huyu ni ng'ombe wa aina gani? Parmuat, huna mwingine?"

"Wengine wako malishoni, mama. Huyu ameamua kupumzika. Ngojeni amalize."

Saa ya pili ilipokaribia kuisha, ng'ombe akainua matako taratibu, kisha miguu ya mbele. Mama Cate akaruka, akamkumbatia Kalunde. "Umeona! Si umeona!" Kalunde aliona, akacheka mpaka hasira ikaisha.

Alimrekebisha ng'ombe wa mchezo kwa siku tisa. Alipotoa toleo jipya, mashabiki walipandwa na mori: ng'ombe anachelewa kuamka, lori linamfikia, rudisha wa zamani! Kalunde akajiandaa kuomba msamaha, lakini Mfalme wa Isinya alikuwa ametangulia, akimjibu kila mmoja kwa herufi kubwa: "ULIKUWA WAPI SISI TUKICHOMWA NA JUA KWA PARMUAT?"

Kalunde akampigia simu. "Mama Cate, waache tu."

"Nitawaacha nikimaliza. Wamebaki kumi na mmoja."

Kalunde akaweka simu mezani, akala chakula chake kikiwa bado moto.