Jibu Mbele ya Mkamwana

Mgongo wangu ulianza kuuma siku nilipoinua peke yangu cherehani ya kushonea ngozi, kwa kuwa sikupenda kumsubiri mtu. Sisi mafundi viatu hatuulizani habari za mgongo. Mtu hukaa juu ya kigoda maisha yake yote, kiatu amekibana magotini, shingo ameiinamisha, naye huyahesabu maumivu kuwa sehemu ya kazi. Basi nilinyamaza. Yaliposhuka hadi kwenye unyayo, nilinyamaza vilevile. Kisha yakaja mambo mengine, nayo nikayaficha kabisa.

Aliyenipeleka kwa tabibu wa mgongo ni mkamwana wangu, maana mwanangu alikuwa safarini kikazi. Tabibu huyo hatoi vidonge wala hapasui. Huzinyoosha pingili kwa mikono. Chumbani mwake palikuwa na kitanda chembamba chenye tundu la kuingizia uso, na pembeni uti wa mgongo wa plastiki ukining'inia kwenye chuma. 

"Karibu, mzee. Unafanya kazi gani?"

"Fundi viatu."

"Aa! Ninyi na washonaji ndio mnaonilisha."

"Nasi tutakuvalisha," nilijibu. Mkamwana wangu akacheka huku ameziba mdomo.

Tabibu akashika ule uti wa plastiki. Alieleza kwamba kati ya pingili na pingili mna visahani laini kama mito midogo. Kuinama miaka mingi huvichosha, na mzigo mmoja ulioinuliwa vibaya huweza kukisukuma kimoja nje, kikaminya neva.

"Maumivu yanashuka mguuni?"

"Yanashuka."

"Na haja ndogo, unaizuia vizuri? Pale unapokalia, hapajafa ganzi?"

Mkamwana wangu alikuwa ameketi karibu nami, mkoba mapajani. Tangu aolewe nyumbani kwangu hajapata kuniona hata bila shati.

"Huko kote salama," nilisema.

Nikalazwa kifudifudi. Kupitia lile tundu niliona sakafu na viatu vya tabibu tu; soli ya kushoto ilikuwa imeanza kuachia. Viganja vyake vikatua kiunoni mwangu.

"Legea, mzee."

Ningelegeaje? Tangu juzi nilikuwa nikilowa bila kujua, nikiamka kabla ya wote ili nifue shuka zangu. Nyama ya makalio yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Je, akibonyeza, nami nisisimame tena? Nilitaka kusema, lakini mkamwana wangu alikuwa palepale. Jasho lilidondoka sakafuni kupitia tundu.

"Vuta pumzi. Haya, itoe polepole..."

"Ngoja!"

Mikono ikasita. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa.

"Baba, nimesahau simu garini," alisema mkamwana wangu. "Naifuata."

Papo hapo simu ikaita mkobani mwake. Hakuipokea wala hakurudi kuketi. Alipofika mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Shuka hazijifui zenyewe, baba. Mwambie."

Mlango ukafungwa. Nikasema yote, uso ukiwa bado ndani ya tundu.

Tabibu aliondoa mikono kama aliyeshika jiko la moto. "Mzee, sikugusi tena. Neva za chini zimebanwa. Hii ni kazi ya upasuaji, na ni leo hii, si kesho. Kama ningebonyeza..." Hakumaliza. Alikuwa tayari anapiga simu hospitali.

Alasiri hiyo nililala kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hisia zinaweza kurudi, na zinaweza zisirudi. Mkamwana wangu alisimama upande wa miguu, viatu vyangu amevikumbatia kifuani. Aliviweka chini. Akiutazama ukuta, akaingiza mkono chini ya shuka, akanigusa kidole cha mguu.

"Hapa, baba?"

"Sihisi."

"Na hapa?"

"Pana baridi kidogo."

"Ni mkono wangu huo."

Milango ikafunguliwa, wauguzi wakashika kitanda. Yeye akaanza kuurudisha mkono wake kwa heshima.

"Usiachie," nilimwambia.

Akatembea nasi, ameshika, hadi walipomzuia.