Zahanati ya Kwa Nyokabi

Mkuu wa wakaguzi, Bwana Zachariah, alikuwa akichagua miradi ya jiji watakayoizuru kwenye ukaguzi wa mwaka huu. Alipofikia zahanati ya Kwa Nyokabi, kule Mutuini, alitikisa kichwa.

"Hiyo tuiache. Ni mbali, na barabara ni matope matupu."

Kaindi, karani wake aliyekuwa akiandika orodha, aliangalia viatu vyake mwenyewe, vikavu. Asubuhi hiyo alitoka kwao akapita mbele ya zahanati hiyohiyo: lango, kibao kipya, na nyuma yake, badala ya jengo, mahindi ya watu. Lakini kibarua huota nyasi, akaikata zahanati kwenye orodha.

Jioni mamake, huku akikohoa, alimuuliza kama wakaguzi watakuja kuiona zahanati.

"Wanasema ni mbali, mama."

"Mbali na nani?"