Mikono Tuliyoinyoosha Upande wa Maghala

Maneno yale niliyasikia tulipokuwa tunafua nguo kwenye mashine za kulipia. Mwanamke mmoja alikuwa anakunja mashuka, akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba huko Sacramento bunge la jimbo linatunga sheria ya kuruhusu maghala ya malori yajengwe hadi ukutani mwa shule. Nikajiambia ni uvumi tu. Lakini kila mwanangu Itzel alipokohoa, maneno yakanirudia. Ana miaka minane na ana pumu. Moshi wa malori ya ghala moja tu lililopo ng'ambo ya barabara umeshamlaza hospitali.

Jirani yangu, Doña Remedios, ndiye aliyethibitisha.

"Muswada upo kweli. Jumanne madiwani wetu wanajadili kama jiji la Los Tules liandike barua ya kuupinga. Mbunge wetu amesema wazi, jiji likipinga, na yeye anapinga. Likinyamaza, anaupigia kura ya ndiyo."

"Basi tunaenda akina mama wote."

"Nibebe tamale?"

"Tunaenda kupigana, Doña, hatuendi ubatizo."

"Kwani wanaopigana hawali?"

Tukaandika mabango kwa rangi nyekundu: TUNAPINGA.

Ukumbi ulijaa. Sisi wa Kihispania tusiojua Kiingereza tulikaa nyuma, tukapewa visikilizio vya masikioni, mkalimani akaongea kutoka kwenye kona yake. Upande wa pili walikaa wanaume wenye vizibao vya kampuni ya maghala. Madiwani ni watano. Wawili waliitaka barua, na aliyewaongoza ni diwani Thao, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. Wawili hawakuitaka, mmoja wao Meya Haggerty, aliyesema maghala ni ajira. Wa tano alikuwa Delgadillo, kijana wa hapahapa, wazazi wake wachuma zabibu kama sisi.

"Mimi sina upande," Delgadillo akasema. "Nitawafuata wakazi."

Meya akatazama saa. "Watu ni wengi, hatuwezi kumsikiliza kila mmoja. Tutatumia mikono. Hoja iliyo mbele yetu ni jiji kutuma barua ya kuupinga muswada. Wanaounga mkono hoja?"

Mkalimani alikuwa bado anahangaika na sentensi ya nyuma. Mbele kule ikanyooka mikono michache, ya walimu.

"Wanaopinga?"

Neno hilo liliingia masikioni mwetu safi kabisa. Ndilo tulilokuja nalo, ndilo lililokuwa kwenye mabango. Safu zote za nyuma zikasimama. Doña Remedios alinyoosha mikono yote miwili.

Mwalimu wa Itzel, Bi Pruitt, akageuka akiwa amepauka, akitupungia mkono juu. "Shusheni! Jamani, shusheni!"

"Shusha wako kwanza, mwalimu!" Doña Remedios akamjibu.

Katibu akaanza kuita majina. Thao, ndiyo. Mwenzake, ndiyo. Haggerty, hapana. Mwenzake, hapana. Delgadillo akatuangalia sisi wa nyuma, akayaangalia mabango.

"Hapana."

Wenye vizibao wakapiga makofi.

"Mbona wanashangilia hawa?" Doña Remedios akaninong'oneza. Bi Pruitt alikuwa ameshatufikia. "Barua ndiyo iliyokuwa inaupinga muswada," akasema kwa Kihispania chake cha kuokoteza. "Ninyi mmeipinga barua."

Sijui nilifikaje mbele.

"Mama, muda wa maoni umefungwa," Meya akasema.

"Meya," Thao akaingilia, "kanuni inaruhusu kura irudiwe leo hii, ila lazima aombe mtu aliyepiga kura upande ulioshinda." Akamgeukia Delgadillo.

Sikumngoja mkalimani. Nilimwambia Delgadillo kwa lugha ya mama yake. "Mwanangu, hatukuelewa swali. Muswada ndio tunaoupinga. Mtoto wangu hapumui. Omba irudiwe, tafadhali."

Alinielewa, nilimwona. Uso ukamwiva.

"Señora, mlinyoosha mikono mbele ya watu wote. Kura ikirudiwa kila mtu anapobadili mawazo, tutalala hapa."

"Hatujabadili mawazo! Hata swali lilikuwa halijatufikia!"

Mmoja wa wenye vizibao akacheka. "Mpeni kura na yeye, si ndiye meya!"

"Diwani Delgadillo, unaomba?" Meya akauliza.

Delgadillo akazipanga karatasi zake, akazipanga tena.

"Siombi."

"Ajenda inayofuata," Meya akasema, "taa za bustani."

Mbunge aliupigia muswada kura ya ndiyo, akaeleza kwamba jiji lake halikuupinga. Ukapita. Sasa wapimaji wanapigilia vigingi nyuma ya uwanja wa shule anakochezea Itzel. Ninyi akina mama wa miji mingine, mambo haya yakifika kwenu:

Usinyooshe mkono kabla ya kuuliza unapinga nini, muswada au barua.

Usibebe bango lenye neno moja. Andika jina la muswada.

Usijibu kabla mkalimani hajamaliza. Paza sauti, omba arudie.

Usikubali mikono itumike badala ya midomo.

Usimtegemee diwani anayesema hana upande.

Usimfokee anayekuambia shusha mkono. Muulize kwa nini.