Mguu wa Cherehani

Mguu wa kulia wa Bushiri ulikuwa umekufa ganzi, na huo ndio ulioendesha cherehani. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita kwenye tako, yakaishia kwenye kidole gumba. Bushiri alimjua aliyeyatuma.

Alikuwa Anselmi, fundi wa kutoka Songea, aliyepewa nafasi kwenye baraza ileile aliyoshonea Bushiri, mwaka wa foleni za sabuni. Wateja walimpenda upesi, na mgeni hapendwi upesi hivyo bila dawa. Bushiri akaenda Msimbazi kwa mganga, akapewa hirizi ya ngozi, kwa sharti moja: adui asiione. Akaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Wiki mbili baadaye kiuno kikaanza kuuma. Akaona amezidiwa nguvu, akarudi kwa mganga, hirizi ikaongezwa unene.

"Ndugu Bushiri," Anselmi akamwuliza siku moja, "mbona siku hizi unakaa kombo?"

Bushiri akaweka mkasi chini. Akaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi.

"Ananipima ninavyokaa. Kikulacho ki nguoni mwako, balozi."

Balozi hakutaka neno la uchawi kwenye nyumba zake kumi, akamwambia Anselmi ahame. Jumatatu Anselmi akapakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akaaga kila mtu kwa mkono, Bushiri pia.

Ganzi haikuondoka. Mkewe, Mwanamkuu, alipochoka kusikia akiugua na kurudia methali yake, akamburuta hospitali. Daktari, mama asiye na haraka, akamgonga magoti, akamwinua miguu, kisha akamwambia akae kama anavyokaa kazini.

"Unakaa kombo," akasema. "Mfuko wa nyuma una nini?"

Mwanamkuu akatia mkono mfukoni, akaitoa hirizi, ngumu kama kokwa la embe.

"Unaikalia hii kutwa?" daktari akauliza. "Inabana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Iache, utapona."

"Si ulisema mwenyewe," Mwanamkuu akasema. "Ki nguoni mwako."

Bushiri angepokea ugonjwa wowote kuliko huo.

Baada ya wiki tatu mguu ulikanyaga cherehani kama zamani. Wateja wakawa wanamwuliza yule fundi mwingine kahamia wapi. Hakujua. Siku ile Anselmi alipompa mkono wa kwaheri, Bushiri hakumwuliza anaenda wapi. Aliukagua kwanza ule mkono, asije Anselmi akawa ameshika dawa.