Idarusi Hajamaliza

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Basi mimi niliwachelewesha watu. Siku mume wangu Idarusi alipozikwa, wanawake wa Ngamiani walijaa nyumbani wakinitazama mdomo, wakingoja nianze, nami sikuanza. Kifua kilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa kutwa. Mwishowe walianza wenyewe.

"Saleha ana moyo wa jiwe," alisema wifi yangu Mwanasiti, nami nikimsikia. Hata kukasirika kulinishinda.

Idarusi alikuwa kuli wa gatini, mbeba katani, na bondia siku za mapumziko. Ngumi hazikumuua, homa ilimuua. Aliniachia eda, mama yake, na mpira wa ngumi: mfuko wa ngozi wa ukubwa wa papai dogo, ulioning'inia chini ya ubao wa duara kwenye baraza ya uani. Aliununua kwa baharia mmoja. Ubao aliukaza jirani yetu, fundi Rafaeli, kwenye boriti mbili kwa pamoja, kwani ubao ukitikisika mpira hucheza ovyo.

Mama mkwe wangu, Bi Sabiha, macho yake yalikwishaingia ukungu. Kila alasiri alikaa chumbani akiusikiliza mpira ule hadi unyamaze, ndipo aite, "Idarusi, umemaliza? Njoo tule." Walikula sinia moja, mama na mwana. Baada ya maziko, kila Mwanasiti alipompelekea chakula, alikisukuma.

"Idarusi hajamaliza."

"Mama, Idarusi tumemzika."

"Hajamaliza, nimesema."

Watu wakasema akili zimemruka. Sahani yangu nayo ilirudi jikoni kama ilivyotoka, ila hilo halikumshughulisha mtu. Mama alikunywa maji tu na uji wa kulazimishwa, akakonda hadi bangili zikamvuka mkononi. Hapo nikaogopa. Ilikuwa hofu ya mbali, kama ya mtu mwingine, lakini niliielewa: mama huyu atakufa kwa njaa, nami nipo.

Nikauendea mpira. Ulikuwa umesinyaa, ngozi imekauka. Kuutunza nilikujua, kwa sababu Idarusi alikuwa haushiki bila kunisomesha, nisikilize nisisikilize. Nikafungua gidamu, ile kamba ya kufungia mdomo wake, nikatoa kibofu cha ndani, nikakizamisha kwenye bakuli la maji. Viputo vikatoka karibu na mdomo wake. Nikaziba kwa kiraka cha baiskeli. Ngozi nikaipaka mafuta ya nazi, kidogo tu, nikaifuta, kwani ikishiba mafuta hulegea. Kulabu inayouzungusha nikaitia tone la mafuta ya cherehani. Kisha nikatia upepo kwa pampu ya baiskeli hadi kidole gumba kikawa kinabonyeza kwa shida. Ukizidisha, mishono hufumka.

Tabu ilikuwa kimo. Tumbo la mpira hukaa usawa wa kidevu, na kidevu kilichopimwa kilikuwa cha Idarusi. Ningeweza kuomba ubao ushushwe. Sikutaka. Kuushusha ni kusema harudi, na hilo mdomo wangu ulikuwa haujalisema. Nikaburuta sanduku la sabuni, nikapanda.

Pigo la kwanza lilinirudia puani. La pili pia. "Sikiliza, usitazame," alikuwa akiniambia marehemu. Piga, uache mpira ugonge ubao mara tatu, ndipo upige tena. Nilisikiliza. Nilisikia fujo tupu.

Mwanasiti akanikuta nimesimama juu ya sanduku, vitambaa vimenizunguka viganja.

"Ala! Wifi! Unapiga ngoma ndani ya eda? Na mikono inanuka mafuta! Unajipaka kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mama yako. Nenda ukapakue wali."

Alikwenda akinung'unika hadi jikoni. Lakini kesho yake alipakua bila kuambiwa, na kesho kutwa pia, na kila siku sinia lilirudi limejaa. Mama alisikiliza fujo yangu, akageukia ukuta.

Halafu alasiri moja mpira ukakubali. Pigo, tatu, pigo, tatu, sawasawa kama wa mwenyewe. Nilipiga hadi mabega yakawaka moto, na maumivu yale yalinishangaza, maana nilikuwa nimesahau kwamba nina mwili. Nikaacha. Ua ukawa kimya.

"Umemaliza?" sauti ikatoka chumbani.

Ningejibu kwa sauti ya nani?

"Saleha, nakuuliza wewe. Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi njoo tule. Na wewe Mwanasiti, kesho kamwite Rafaeli ashushe huo ubao. Kila siku nasikia sanduku likiburutwa. Mtoto huyu ataniangukia."

Nikashuka. Nikaingia, nikakaa mkekani mbele ya sinia lililokuwa la Idarusi. Mama akapapasa hadi akaupata mkono wangu, akatia tonge la wali kiganjani, akangoja. Nilipolitia mdomoni nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, wali mdomoni, bila haya, na Mwanasiti pale mlangoni akaingia kilioni.

Mama hakutunyamazisha. Alimega tonge lake, akala.